Yuko Zamu, Mama

Tangu ujana wake alilinda geti la kiwanda cha sabuni, na kila mtu alikuwa na lake la kumwita. Madereva wa malori walimwita askari. Watoto wa shule waliopita pale walimwita soja, wakampigia saluti na kutimua mbio. Meneja akiwa na wageni alisema "afisa wetu wa ulinzi". Wageni wakishaondoka ikawa "we mlinzi". Kulikuwa na karani mmoja, Kiswahili chake kimepigwa pasi, ambaye hakutaka neno lolote ila bawabu. Mwenyewe aliitikia yote.

Nyumbani hakuitwa hata moja kati ya hayo. Mkewe, fundi cherehani, alimwita Bwana Zamu, kwa sababu tangu siku za uchumba wao, akialikwa popote, jibu lake lilikuwa "niko zamu". Naye akamwita mkewe Fundi. Fundi alikuwa na ulimi. Mgeni akibisha hodi, Bwana Zamu aliuliza kwa mazoea, "Unamtafuta nani?" na Fundi alipaza sauti kutoka kwenye cherehani: "Mdai na kitambulisho kabisa!" Walicheka sana katika nyumba ile. Nasema hili mapema, maana yaliyofuata hayachekeshi.

Bwana Zamu alipostaafu, akili ya Fundi ilianza kumtoroka. Kwanza alisahau mahali alipoweka mkasi, halafu majina ya majirani, halafu njia ya kurudi kutoka dukani. Siku alipokutwa katikati ya barabara kuu, miguu mitupu, magari yakimpigia honi, mumewe alinunua kufuli la geti na ufunguo akauvaa shingoni.

Binti yao alipokuja kuwaona na kuliona lile kufuli, aliwaka.

"Baba, mama analindwa kama ghala?"

"Namtunza."

"Kutunza ni kumpikia, kumwogesha, kumchana nywele. Hili ni lindo!"

"Hayo yote nafanya. Akitoka akagongwa na gari, nitakuwa nimetunza nini?"

"Basi nipe nikamwangalie mimi. Kwangu kuna nafasi, na wifi yangu ni muuguzi."

"Mke wangu haondoki hapa."

Binti alichukua mkoba wake. "Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikimkuta ametulia, sawa. Nikimkuta anahangaika, naondoka naye."

Mimi naona wote wawili walikuwa na haki. Geti hulindwa, mbuzi huchungwa, mtoto huangaliwa, mgonjwa huuguzwa, siri huhifadhiwa. Lakini mke aliyepotewa na akili anahitaji yote hayo kwa siku moja, na neno la kuyabeba yote pamoja mpaka leo sijalipata.

Tena shida kubwa haikuwa kufuli. Fundi alianza kumwogopa mumewe. Alimwona mzee wa mvi asiyemjua akiingia chumbani kwake na sahani ya chakula, akapiga mayowe. Akakataa kula, akakonda. Bwana Zamu akamletea picha ya harusi yao. Fundi aliikumbatia kifuani.

"Huyu ndiye mume wangu," alisema. "Wewe mzee umempeleka wapi?"

Asubuhi moja ya mvua, Bwana Zamu alitoa sandukuni koti lake la kazini, la buluu lenye vifungo vya shaba, akalivaa apate joto tu. Fundi alipomwona, uso ulimkunjuka.

"Afadhali umekuja, askari. Kuna mzee ananisumbua humu. Usimruhusu kuingia."

 Bwana Zamu alitamani kulivua koti, alie, aseme mimi ndiye yule. Lakini sahani ilikuwa mkononi, na mkewe alikuwa na njaa.

"Ndiyo, mama. Hataingia."

"Ila mume wangu akija, mfungulie."

"Nitamfungulia."

Tangu hapo hakulivua koti mbele yake. Aliweka chakula mlangoni, akasimama kando, na Fundi akala. Yeye akahamia kulala sebuleni, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi. Nyumba ikatulia, isipokuwa jioni. Jioni Fundi alikaa dirishani, macho getini.

"Askari, mbona haji?"

"Yuko zamu, mama."

Fundi alitikisa kichwa, kisha akalia kimyakimya mpaka usingizi ukamchukua. Ikawa hivyo kila jioni.

Mwisho wa mwezi binti alirudi. Alimkuta mama yake amenenepa kidogo, nywele amezichana vizuri, hana wasiwasi. Akamgeukia baba yake, aibu imemshika.

"Nisamehe, baba. Abaki."

"Hapana," alisema Bwana Zamu. "Mchukue."

"Kwa nini tena?"

"Hapa kila jioni anamngoja mume wake, na mimi ndiye ninayemwambia haji. Kwako labda atasahau kungoja."

Binti alifunga nguo chache mfukoni. Akaenda kumvika mama yake viatu.

Walipofika getini Fundi alisimama, akamtazama mtu wa koti la buluu.

"Askari, naenda na huyu dada, ana sura ya watu wangu. Bwana Zamu akirudi, mwambie nimemngoja sana. Asinikasirikie. Chakula chake nimekifunika mezani."

"Nitamwambia, mama."

Alifungua kufuli, akapiga saluti, gari likaondoka. Akabaki ameshika geti mpaka vumbi likatua.

Ndani, mezani, kweli palikuwa na sahani imefunikwa. Ni ile aliyomwekea mkewe mlangoni mchana ule. Fundi alikuwa amekula nusu na kumbakizia mumewe nusu. Bwana Zamu alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akavuta kiti chake cha zamani. Chakula kilikuwa kimepoa. Alikila chote, huku akilia.