Mkwe Wangu Darasani

Kwetu Ukambani mwanamume hana mchezo na mama mkwe. Hamsalimii kwa mkono, hakai naye kiti kimoja, hali huku akimtazama usoni, na wakikaribia kukutana kwenye njia nyembamba mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau alikotoka. Tumeokoka, tumesoma, tunaishi Nairobi, lakini hilo halijatutoka. Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tumelitunza vizuri tangu nioe, kila mtu na upande wake wa sebule, mpaka Jumamosi moja asubuhi alipoingia darasani mwangu, akaenda kuketi nyuma kabisa, akafungua laptopu.

Nilikuwa nimesimama mbele na kalamu ya ubao mkononi. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: HIFADHIDATA, MASWALI YA WANAOANZA. Nilijifanya naongeza mstari chini ya maneno hayo. Niliupiga mstari huo mara kadhaa, kwa sababu sikujua nikigeuka nitaweka macho wapi.

Lazima nieleze aibu yangu, kwa maana ilikuwa imetangulia yake. Siku ya ntheo, tulipopeleka mbuzi kwao kumposa mke wangu, mjomba wangu alininadi vizuri sana. Aliwaambia kwamba mimi ni injinia wa kompyuta katika jengo la vioo kule Westlands, na wakati huo ilikuwa kweli. Baadaye kampuni ikapunguza watu na mimi nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Mke wangu na mimi tukakubaliana kwamba tutawaambia kwao nitakapopata kazi nyingine, ili habari mbaya iende pamoja na nzuri. Nzuri haikuja. Nikakodi chumba ghorofani karibu na River Road, juu ya duka la nywele za bandia, nikakusanya viti ambavyo hakuna kinachofanana na chenzake, nikaanza kufundisha. Kila tulipotembelea kwao Dagoretti Corner nilivaa shati la Westlands.

Sasa mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti changu kibovu kuliko vyote, kile kilichofungwa mguu kwa waya. Na nisingeweza kumwambia ahame.

Huwa naanza kwa kumwuliza kila mtu kwa nini amekuja. Kulikuwa na fundi wa stima, Mkamba mwenzangu, aliyetaka kuweka rekodi za wateja wake. Kulikuwa na mama mmoja Mkikuyu mwenye nyumba za kukodisha huko Kangemi, mchangamfu, sauti imejaa chumba, aliyesema amechoka kudanganywa na wapangaji kuhusu nani alihamia lini. Kisha zamu ikafika nyuma. Mama mkwe wangu ni mkubwa wa faili katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia wastaafu. Mimi nilimjua kama mtu ambaye watu husimama anapoingia. Alisimama yeye, akaangalia dirisha.

"Faili zetu zimeingia kwa computer," alisema. "Mwisho wa mwezi kuna mtihani. Asiyepita anaambiwa aende nyumbani mapema." Kisha akaongeza, bado kwa dirisha, "Watoto wangu hawajui."

Wengine walidhani ni masikitiko tu. Mimi nilijua lile la mwisho limeletwa kwangu mwenyewe. Mwenye nyumba za Kangemi hapo hapo akauliza kama mimi ni mwajiriwa mahali ama hii ndiyo kazi yangu. Nikasema hii ndiyo kazi yangu, kila siku, na nikayaacha maneno hayo yaende mpaka kiti cha nyuma. Masikio yalikuwa yananiwaka. Basi tukawa tumeshikana siri, yeye yangu na mimi yake, bila kutazamana.

Kufundisha hifadhidata ni kazi ya kupita nyuma ya viti. Anayeanza haulizi anachohitaji kuuliza, kwa sababu hajui kinaitwaje. Anasema tu kwamba imekataa. Lazima uiname begani kwake, utazame skrini, wakati mwingine umshikie kipanya. Nilifanya hivyo kwa kila mtu. Kiti chake nilikiruka. Nilikuwa nikifika karibu naye nageuka kama mtu aliyeitwa upande ule mwingine, na nina hakika aliona, na nina hakika alishukuru.

Maswali yake yalikuja kupitia kwa jirani yake wa kiti, mwenye nyumba za Kangemi, ambaye hakujua chochote kuhusu desturi zetu.

"Ticha, huyu mama anasema yake imekataa."

"Imekataa aje?"

Akainama kumsikiliza, akainuka. "Anasema imekataa tu. Ameandikiwa *connection refused*."

Nikajibu kwa darasa zima, nikiutazama ukuta. "Ukienda kwa kiosk, hauingii ndani, si ndio? Unasimama kwa grill, unaitisha maziwa, mwenye duka anakuletea. Hii program mnaona kwa screen ni wewe umesimama kwa grill. Database yenyewe iko huko ndani. Ukiambiwa connection refused, hiyo duka haijafunguliwa. Anzisha server kwanza. Ukiambiwa password si sawa, basi mwenye duka ako, lakini hakujui."

"Na localhost ni wapi?" akauliza mwenye nyumba, sasa kwa niaba yake mwenyewe. "Ni huko Industrial Area?"

Watu wakacheka. Nikasema localhost ni hapo hapo kwenye mashine yako, duka lililo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Nikawaonyesha namna ya kulifungua. Wote wakafungua. Mama mkwe nilimwona akibonyeza hapa na pale, uso umekaza kama wa mtu anayetafuta funguo mbele ya wageni. Jirani yake alishughulika na yake. Kuuliza mara ya pili lilelile kulimshinda, na mimi kwenda kulinishinda. Baadaye kidogo uso wake ukalegea, akakaa wima. Nikadhani amepata. Nilifurahi, nikasema moyoni kwamba hata adabu zetu zinaweza kuvuka mafunzo ya kompyuta salama.

Jumamosi zikapita hivyo. Nilifundisha jinsi ya kutengeneza jedwali, na kwa nini jina la mtu pekee halitoshi kumtofautisha na mwingine, na jinsi jedwali moja linavyolijua lingine kwa namba. Yeye hakukosa hata siku moja. Aliandika kila kitu. Wakati wa chai alisimama kwenye ngazi na kikombe chake, mimi nikabaki darasani na changu. Nyumbani Mountain View mke wangu aliniuliza darasa linaendeleaje, nikasema vizuri, na nikaona aibu mpya, maana sasa nilikuwa nikimficha hata yeye, aliyekuwa akiificha siri ya kazi pamoja nami.

Halafu ikafika Jumamosi ya kufuta.

Kufuta ni somo ninalolipenda, kwa sababu hapo ndipo watu huogopa kwa mara ya kwanza, na anayeogopa hujifunza. Nilikuwa nimewapa jedwali dogo la mazoezi, majina machache ya kubuni. Nikawaambia wafute mstari mmoja kwa kuweka sharti linalosema ni upi. Kisha waandike amri ileile bila sharti, wasiitume kwanza, wangoje tuitume pamoja, waone jinsi jedwali zima linavyokwisha bila hata kuulizwa kama una uhakika. Nikapita nyuma ya kila kiti kuangalia pale juu ya skrini pameandikwa nini, kwamba kila mtu ameunganishwa na mashine yake. Chake nikakiruka.

Nilikuwa mlangoni, upande wa pili wa chumba, nilipoiona skrini yake kwa mbali. Za wengine zilikuwa na mistari michache na weupe mtupu chini. Yake ilikuwa imejaa juu mpaka chini, na kile kipande cha kusogezea kwenye upau wa pembeni kilikuwa kifupi kama kichwa cha kiberiti, maana yake bado kulikuwa na mistari mingi, mingi mno, huko chini.

Nikaelewa yote kwa mpigo. Laptopu ilikuwa ya ofisi. Fundi wa ofisi alikuwa ameweka humo muunganisho wa hifadhidata yao halisi, nywila ikiwemo. Siku ile ya kwanza, yake ilipokataa, alikuwa amebonyeza kingine kilichokuwepo kwenye orodha, kikafunguka, akapumzika. Tangu siku hiyo alikuwa akifanyia mazoezi kwenye faili za wastaafu, akiandika jina la jedwali lao mahali pa langu. Amri ya kwanza, yenye sharti, haikupata mtu wa kufuta, maana majina yangu ya kubuni hayakuwemo humo. Watu wazima wanaongoja malipo yao. Na amri ya kufuta ilikuwa imeandikwa pale juu, bila sharti, na kidole chake kikingoja niseme.

Ningemwambia acha. Neno moja lingetosha. Lakini kwa miaka yote ile sikuwahi kumwelekezea amri, na nilichofanya ni kumwita jirani yake.

"Mwambie asibonyeze."

"Asibonyeze nini, ticha?"

"Mwambie tu."

"Tubonyeze sasa?" akauliza mtu wa mbele, na yeye kule nyuma akasikia neno hilo la bonyeza likizunguka chumbani, akaona ndio wakati. Mkono ukashuka. Sijui niliruka viti vingapi. Niliufikia mkono wake ukiwa juu ya kibodi, nikaushika, nikauinua, na nikabaki nimeushika.

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikauachilia kama nimeungua. Nikafunga ile programu bila kuhifadhi kitu, nikiwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Samahani, Mama," nikasema.

"Ticha, kwani ni mamako?" akauliza mwenye nyumba za Kangemi.

Mama mkwe wangu ndiye aliyejibu. "Amemwoa msichana wangu."

Fundi wa stima aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wake, kwa hisani tu, najua hakikuwepo. Nilieleza darasa kilichokuwa karibu kutokea, bila kusema ni ofisi gani. Nikawaambia kabla ya kufuta chochote mtu atazame juu ya skrini, ajue yuko kwenye duka gani. Jambo ambalo nilipaswa kuliandika ubaoni siku ya kwanza nililisema siku hiyo, sauti ikikatika. Yeye alikusanya vitu vyake taratibu, akatoka kabla ya wengine. Wakati wa kuondoka fundi wa stima alipita karibu nami akasema chini chini, "Hiyo ni mbuzi, mwalimu." Hakuwa akitania; kwetu mbuzi ndiye faini ya kumgusa mama mkwe.

Sikumwambia mke wangu. Ningeanzia wapi? Kwamba nimemshika mamako mkono? Kwamba mamako nusura afutwe kazi kwa sababu ya adabu yangu? Maana nililigeuza kichwani kila namna na likaja palepale. Kama ningepita nyuma ya kiti chake kama nilivyopita kwa mwingine yeyote, ningeona siku ya kwanza. Heshima niliyojisifia ilikuwa imechanganyika na woga wa kutazamwa na mtu aliyejua shati langu la Westlands ni la uongo. Nilikuwa nimemruka ili aniruke.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakuketi nyuma. Aliketi mbele kabisa, upande wa dirisha, na somo lilipokuwa katikati akainua mkono.

"Mwalimu," alisema, macho kwenye kibodi. "Kikishafutwa, kinaweza kurudi?"

Nikamjibu moja kwa moja. Nikasema kinarudi ikiwa mtu aliweka nakala kabla, na kama hakuweka, hakirudi. Akaandika. Nikapita nyuma ya kiti chake, nikasimama hatua moja, nikasoma juu ya skrini. Ilikuwa localhost.

Kwamba alipita mtihani nililisikia kwa simu kutoka kwa mwenye nyumba za Kangemi, aliyekuwa amekuwa rafiki yake. "Yule mama amebaki na kiti yake," alisema. Nilikaa kitandani nikashukuru Mungu kwa sauti.

Jumapili moja baadaye watu wa mke wangu walikuja kwetu Mountain View kwa chakula, pamoja na kaka mkubwa wa mama mkwe, mzee kutoka Machakos ambaye huniheshimu kwa sababu ya lile jengo la vioo. Wanaume tulikuwa upande mmoja, mama mkwe upande wa pili na binti zake, ameelekea dirishani kama kawaida. Mzee akafuta mikono.

"Na huko Westlands, injinia, kazi inasonga?"

"Inasonga," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kwa mazoea. Mke wangu akatazama sufuria. Ndipo mama mkwe akasema, bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya siku alipojitambulisha.

"Huyo ni mwalimu. Anafundisha mjini, karibu na River Road. Mimi nimekuwa mwanafunzi wake. Ofisini walitaka kunirudisha nyumbani kwa sababu sikujua computer, nikaenda kwake akanifundisha."

Hakuna aliyenitazama. Wote waligeukia kwake. Binti zake waliacha sahani, wakataka kujua tangu lini, na kwa nini hakusema, na kama ni kweli yeye, mkubwa wa faili, alikuwa hajui hata kuwasha. Mzee alicheka kidogo. Mama mkwe alisema kweli, alikuwa hajui. Kila jambo alilowaficha watu wa nyumbani alilitoa pale mbele yao, ili wawe na la kuuliza lingine, wasiulize la Westlands.

Mimi nilikuwa nimetoka kusema inasonga, na yeye yupo, na anajua. Aliwajibu wote mpaka wakatosheka, na mimi nikabaki na sahani yangu, nikisikiliza.