Mlango wa Banda la Mbuzi

Enzi zetu, sisi tuliorudi Muyinga, Burundi, kutoka Tanzania tungali watoto, mlango haukuwa kitu cha kufunga na kufungua tu. Wa kwetu ulikuwa na kazi mbili. Usiku ulizuia mbuzi bandani. Asubuhi Baba aliunyanyua kutoka kwenye bawaba, akaulaza juu ya vigogo viwili, na hapo ukawa meza yake ya useremala hadi jua lilipokaribia kutua.

Shamba lilikuwa limegawanywa mara nyingi kabla hatujarudi. Tulichoachiwa kilikuwa kipande kidogo kiasi kwamba Mama, akiwa jikoni, aliweza kumkemea mtu aliyesimama mpakani bila kupaza sauti. Karakana ya Baba ilikuwa banda lenyewe: mbuzi watano wakitoka, randa na misumeno iliingia. Adhuhuri ua ulikuwa wa Mama na maharage yake ya kuanika, na Baba alirudisha meza na mbao ndani, akafanya kazi mguu mmoja kizingitini. Hata leo harufu ya maranda ya mti wa grevilea haikamiliki puani mwangu mpaka ichanganyike na ya mbuzi. Tulipolalamika kwamba hatuna pa kuchezea, Mama alijibu, "Nafasi haitafutwi, watoto. Nafasi inapishwa." Tukaruka juu ya rundo la maranda hadi nywele zikajaa. Wanangu, kila mmoja na chumba chake, huniambia wamechoka kukaa bure.

Dada yangu Konsolata alipochumbiwa na mwalimu wa Mushasha, kule Gitega, Baba aliapa kuwa binti yake hataingia kwa watu bila kabati. Mvua ikachelewesha mbao kukauka. Milango ya kabati ilitiwa gundi jioni ya mwisho, kesho yake wakwe wakitarajiwa kuja kuchukua vitu vya bibi harusi. Baba aliilaza juu ya meza, yaani juu ya mlango wa banda, akaikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ndipo mbuzi wakarudi kutoka malishoni.

Angeisogeza milango ile gundi ikiwa mbichi, mbao zingepinda, na Konsolata angeolewa na kabati lisilofunga. Angeiacha, banda lingebaki wazi, na maharage ya jirani yalikuwa hatua kumi tu.

"Mbuzi watalala wapi?" Mama aliuliza.

Baba akaitazama nyumba.

"Hapana, Baba Konsolata. Hapana!"

"Si wewe unayesema nafasi inapishwa?"

Mbuzi wakalala sebuleni. Wakwe nao, ambao tuliwatarajia saa nne, walifika alfajiri. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye koti zito, aliinama mlangoni na kukuta beberu amekalia kiti cha wageni.

"Eh bon," akasema, "sasa mi nitakaa fasi gani? Hii mbuzi haina nyumba yake?"

Konsolata aliyafunika macho kwa kitenge. Najua alichokiogopa: kwamba huko Gitega wangesimulia maisha yake yote kuwa alitolewa zizini. Mama akampiga beberu kofi la mgongoni. "Mpishe mgeni, wewe!"

Baba alimwongoza mgeni hadi bandani, akafungua mipira, akainua milango miwili ya kabati. Imenyooka. Chini yake ulikuwa mlango mzee, umejaa makovu ya msumeno. Yule mjomba akapitisha kiganja juu ya ubao, kisha akautazama mwanya wa banda usio na mlango.

"Mutu anatosha mulango yake juu ya mutoto," akasema, yaani anautoa kwa ajili ya mtoto. "Bon. Huyu tutamutunza."

Wamemtunza. Kabati lingali Mushasha, na linafunga. Baba hayupo. Mdogo wangu amejenga karakana ya matofali pale shambani, pana, yenye umeme, na banda akalitia mlango wa bati. Ule wa zamani akanipakilia kwenye lori kuja kwangu Gitega, akisema hana pa kuuweka.

Nami sikuwa na pa kuuweka. Nina digrii, nina nyumba ya vyumba vinne, na mlango wa baba yangu ulikaa miezi miwili ukutani nje, ukinyeshewa, kwa sababu kila pembe ilikuwa na kitu kisichotumika. Niliona aibu kila nilipoupita.

Jumapili iliyopita nilitoa kochi kubwa ambalo hakuna anayelikalia, nikaulaza mlango juu ya stuli mbili, kama meza. Uliziba nusu ya sebule. Wanangu wawili wakatoka vyumbani, simu mkononi.

"Mama, sasa tutapita wapi?"

"Pishaneni."

Walisimama, mmoja upande huu wa mlango na mwingine upande ule, kila mmoja akimngoja mwenzake asogee.