Vibandiko vya Nyonga Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na sinia la chuma lililojaa mikasi yenye damu. Kilikuwa kituo cha afya kule Mlimba, na aliyenipokea alikuwa Sista Msimamizi, mwanamke mfupi aliyeongea polepole kama anayehesabu vidonge. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba tu. Aliniambia nioshe mikasi ile, kisha akaja kuitazama juani mmoja baada ya mwingine, akairudisha yote. Kwenye maungio, pale jicho halifiki, damu ilikuwa imebaki.

"Wewe unaosha unachokiona," alisema. "Mgonjwa anakufa kwa usichokiona."

Hofu ndiyo iliyonifundisha kazi. Naandika haya kwa vijana wanaoingia vyumba vya upasuaji leo, na sitawaficha kwamba hofu hiyo bado ninayo.

Mlimba nilijifunza kutumia otoklevu, sufuria kubwa ya mvuke inayoua vijidudu kwenye vyombo. Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa hospitali moja ya Ifakara, chumba cha upasuaji. Huko bosi wangu alikuwa Muuguzi Mkuu wa chumba, na juu yake Daktari Mkuu wa Upasuaji, mzee mrefu ambaye hakupandisha sauti hata siku moja. Alipoanza kubadilisha nyonga na magoti, kwanza akiwa na madaktari wageni na baadaye peke yake, vyuma vilihitaji mtu wa kuvitunza. Nikapewa ufunguo wa stoo.

Nieleze vyuma hivyo. Nyonga ya bandia ina sehemu nne. Kikombe cha titani hugongwa ndani ya mfupa wa kiuno; mfupa unaipenda titani, huota na kuishika. Ndani ya kikombe huingia bakuli la plastiki ngumu, jeupe kama sahani ya melamini. Kisha kuna shina linaloshuka ndani ya mfupa wa paja, na juu ya shina kuna tufe la kobalti na kromu, linang'aa hata unajiona uso. Mashina mengine hushikwa kwa saruji ya mfupa, unga na dawa ya majimaji vinavyokorogwa palepale. Harufu yake ni kali kama ya rangi ya kucha, na ukizubaa inakukaukia mkononi. Goti ni vivyo hivyo: chuma juu, chuma chini, plastiki katikati.

Kinachotangulia kuchoka ni plastiki. Inasagika kidogo kidogo miaka na miaka, na vumbi lake huufanya mfupa ulike pembeni ya chuma mpaka kilegee. Hapo mgonjwa anarudi na maumivu yaleyale aliyoondoka nayo.

Wengine walirudi mapema. Bonde letu ni la mpunga, na mpunga haupandikizwi mtu akiwa amesimama wima. Daktari Mkuu aliwaambia wote wasichuchumae na wasiiname kupita kiuno, wamwendee fundi seremala awatengenezee kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo. Mzee mmoja wa kijiji cha Kisawasawa aliletwa kwenye bodaboda, nyonga imechomoka, miguu yote miwili ina matope. Daktari Mkuu akamuuliza alikatazwa nini. "Kuchuchumaa, Dokta," akajibu. "Na sikuchuchumaa. Niliinama tu." Tulicheka sote, hata yeye, huku anatokwa machozi ya maumivu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila kipande cha bandia huja ndani ya boksi lenye vibandiko vidogo, vimeandikwa saizi na namba ya kiwandani. Kibandiko kimoja huwekwa kwenye faili la mgonjwa, kingine kwenye daftari la stoo. Bila kibandiko, hakuna ajuaye ndani ya mtu kuna nini. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba faili wala daftari haviingii chumba cha upasuaji, kwa sababu karatasi za nje zina vumbi. Kwa hiyo nilivibandika kwanza kwenye mfuniko wa ndoo nyeupe ya plastiki, vya mgonjwa wa kwanza juu, vya wa pili chini, na mchana, kazi ikiisha, nikavihamishia kwenye faili na daftari. Muuguzi Mkuu hakuupenda mfuniko ule. Nilimwambia nimeuzoea.

Siku ninayoisema ilikuwa ya masika, ukungu umejaa mpaka kwenye vioo, otoklevu inatoa mvuke na kuta zinatoka jasho. Kulikuwa na nyonga mbili. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mke wangu, Yustina. Nyonga yake ilikuwa imelika mpaka alikuwa anapika akiwa amekaa. Wa pili alikuwa Mama Oliva wa Michenga, aliyelala kitanda cha jirani naye wodini. Kwa siku tatu tu walikuwa wameshaitana dada. Niliomba nisiingie siku ile. Hapakuwa na mwingine wa kufungua maboksi.

Vyote vilifanana ila kikombe na plastiki yake, vilivyokuja pamoja ndani ya boksi moja. Daktari Mkuu aliita saizi hamsini kwa mmoja na hamsini na nne kwa mwingine. Nilifungua, nikakabidhi, nikabandika. Nyonga ya pili ilipokwisha nilimsikia Yustina, aliyekuwa chumba cha jirani, akiguna wakati wanamhamishia kitandani, nikatoka kumwangalia. Niliporudi mchana kuchukua mfuniko, vibandiko vya vikombe vilikuwa sakafuni. Unyevu ulikuwa umeviachisha.

Ningeweza kwenda kumuuliza Daktari Mkuu. Alikuwa ofisini, hatua ishirini. Sikwenda. Niliona aibu ya mfuniko ule. Vilivyokuwa karibu na ukuta nikasema ni vya chini, vile vingine nikasema ni vya juu, nikabandika: Yustina hamsini, Mama Oliva hamsini na nne. Nilivikandamiza kwa kidole gumba visije vikabanduka tena. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka.

Nilimwambia Yustina alipopata nguvu. Alinisikiliza, akasema, "Kamwambie Dokta." Nikasema kesho. Kesho ile ikawa wiki, na baada ya miezi Daktari Mkuu akastaafu, akaenda kwao, na tukasikia amefariki. Yustina alitembea vizuri na nyonga yake. Kila baada ya muda, tukiwa tunachambua mchele au tunatoka kanisani, aliniuliza bila kunitazama: "Umeshasema?" Nikamjibu kwamba wote wawili wanatembea, sasa niseme nini.

Nilistaafu. Mwaka uliofuata Yustina alianguka kwa presha, akakaa siku nne, akafariki. Sina cha kuandika juu ya siku zile. Nilibaki na nyumba, kuku wake, na bahasha ya picha ya eksirei ya nyonga yake chini ya godoro, ambako yeye mwenyewe aliihifadhi ili isikunjike.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, Mama Oliva alinikuta nje ya kanisa. Alikuwa anatembea na fimbo.

"Shemeji, plastiki yangu imekwisha," alisema. "Wameniagizia nyingine Dar. Jumanne ijayo wananifungua."

Nilimuuliza kama wamechukua picha. Akasema wamechukua mpya. Ile ya kwanza iliharibika maji yalipoingia nyumbani mwaka wa mafuriko. Nikamuuliza wameagiza saizi gani. Alinicheka, akasema yeye hajui saizi hata ya kiatu chake, mimi ndiye niliyeiandika.

Mchana ule sikula. Nilijua bakuli la plastiki halishiki kwenye kikombe kisicho chake. Nilijua kikombe cha aina ile hakitengenezwi tena, na plastiki yake inatafutwa kwa miezi. Wakimfungua wakute haiingii, itabidi wang'oe kikombe kizima kilichokwisha kushikana na mfupa, na mfupa wa mama mzee mwembamba kama yule unaweza kupasuka. Asingetembea tena, kama angeamka. Yote hayo niliyajua, na bado Jumatatu asubuhi nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni kwa muda mrefu.

Daktari Bingwa wa Mifupa wa sasa ni mwanamke kijana. Aliinuka niliponyata mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Damas."

"Marahaba. Dokta, nimekuja kusema kosa langu."

Nilimweleza lote, mfuniko, mvuke, sakafu. Aliacha kuandika. Akaniuliza, "Mzee, una uhakika kwamba ulivibadilisha?"

"Sina. Hilo ndilo tatizo. Sina uhakika hata kidogo."

Hakunigombeza. Alimwita Mama Oliva apigwe picha upya, sarafu ya shilingi mia mbili ikiwa imebandikwa pajani, ili ukubwa wa sarafu upimie ukubwa wa kikombe. Alipima mara tatu kwenye kompyuta. "Hamsini na mbili," alisema. "Katikati kabisa. Sarafu haikukaa usawa wa mfupa. Hii hainisaidii."

Akafikiri, kisha akauliza kama mgonjwa mwingine wa siku ile yupo. Nikasema alikuwa mke wangu, na amefariki. Akasema pole. Halafu akauliza kama alikuwa na picha yoyote ya baada ya upasuaji.

Nilijua atauliza. Daktari Mkuu alikuwa na desturi yake. Kila picha ya kwanza baada ya upasuaji aliiandika pembeni kwa penseli nyeupe ya nta, saizi aliyoiweka kwa mkono wake, ndipo akampa mgonjwa aende nayo nyumbani. Jibu lilikuwa chini ya godoro langu miaka yote hiyo. Ningeweza kulitazama siku yoyote Yustina akiwa hai, na siku yoyote baada ya hapo. Nilikuwa nalilalia.

Nilirudi nyumbani. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitenge chake cha zamani, kimefungwa fundo alilolifunga yeye. Sikuwahi kulifungua tangu mazishi. Nililifungua. Nilihakikisha tu kwamba picha imo, sikuitoa, nikaifunga tena bahasha na kuipeleka vilevile, maana nilitaka aisome mtu ambaye hakuwa na sababu ya kudanganya.

Daktari Bingwa aliiinua dirishani. Mifupa ya Yustina ilionekana na mwanga ukipita ndani yake. Pembeni, kwa mwandiko wa Daktari Mkuu, kulikuwa na jina lake na namba.

"Hamsini na nne," alisoma.

Kwa hiyo Mama Oliva alikuwa na hamsini, na plastiki iliyoletwa kutoka Dar haikuwa yake. Nilikaa chini, sikungoja kukaribishwa.

Mama Oliva nilikwenda kumwambia mwenyewe, Michenga, mbele ya binti yake. Binti alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniambia miaka yote hiyo nilikuwa ninamwamkia mama yake kanisani huku nikijua. Mama Oliva alimwacha binti amalize.

"Kumbe Yustina alinizidi hata kikombe," akasema. "Nilimwona wodini, kiuno kile." Kisha akaacha utani. "Yeye alijua?"

"Alijua. Aliniambia niseme."

"Basi umesema, shemeji. Sasa nitafutieni plastiki yangu, msimu wa palizi usinipite."

"Palizi umekatazwa," binti akamwambia.

"Kukatazwa kuangalia wengine wakipalilia sijakatazwa."

Plastiki ya hamsini ilichukua wiki saba kupatikana. Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la nje, mahali ndugu wanapokaa, na nikajua kwa mara ya kwanza benchi lile ni gumu kiasi gani. Daktari Bingwa alitoka akiwa bado na kofia. Alisema imeingia na imelia, ule mlio mfupi unaousikia plastiki inapokamata kikombe. Mkononi alikuwa na daftari la stoo na kibandiko kipya.

"Bandika mwenyewe, mzee."

Nilibandika palepale, nimesimama. Alimsomea nesi aliyetoka naye saizi kwa sauti, nesi akairudia, mimi nikairudia. Siku hizi wanafanya hivyo, mgonjwa akiwa bado mezani. Mfuniko wa ndoo hauna kazi tena. Daktari Bingwa aliniomba picha ya Yustina ibaki kwenye faili la Mama Oliva, kama ushahidi wa marekebisho. Nilikubali. Kitenge nilirudi nacho.

Nilikwenda makaburini kufagia, nikamwambia Yustina nimesema. Lakini nilimjua. Angeinua kichwa aniulize swali jingine: na wale wengine?

Maana masika yale hayakuwa siku moja, na mfuniko ule niliutumia kwa miaka. Sasa kila Alhamisi nakwenda hospitali, Daktari Bingwa ameniruhusu, nakaa na daftari na nesi mmoja tunapiga simu. Tunawaomba watu walete picha zao za kwanza. Wengi wameleta, namba zimelingana, na kila zinapolingana nashukuru na kuogopa inayofuata. Wengine wameshafariki, na picha zao watoto hawajui ziliko. Amebaki mtu mmoja wa goti, mwalimu mstaafu wa Mlimba. Simu yake haipatikani.

Ijumaa napanda treni.