Sala ya Nyuma ya Nyumba

Mimi ni mwinjilisti wa kijiji kimoja karibu na Issuna, na sikosi la kusema. Nimehubiri mnadani ng'ombe wakilia, nimehubiri misibani, nimehubiri kwa wanywaji wa pombe ya mtama mpaka wakaniomba niondoke ili wamalizie kwa amani. Mtu mmoja tu sikuwahi kumwambia neno: mama mkwe wangu. Kwetu, mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mkewe wala hamtazami usoni. Nikimwona njiani, naingia kwenye mahindi. Hata shikamoo yangu hupelekwa na mke wangu.

Basi nilibaki kumwombea. Kila alfajiri napiga magoti nyuma ya nyumba, karibu na kuni, namtaja yeye, kisha naiombea hasira yangu, maana damu yangu huchemka upesi. Miaka ilipita, naye hakukanyaga kanisani hata Krismasi. Nilimlalamikia Mungu: umenituma kwa watu wote, halafu huyu wa kwetu ndiye umemfungia mlango?

Mwaka huu, wakati wa kuvuna alizeti, tumbo lilimshika. Hospitalini wakasema lazima apasuliwe, wakampa siku ya kurudi. Mke wangu akaniambia, "Baba, mama anataka umwombee kabla hajaenda." Niliogopa, nasema wazi. Akifia huko bila kusikia Injili kutoka kwangu, nitawahubiria wengine kwa uso gani?

Tulikwenda. Mama alilala ndani, mke wangu akakaa mlangoni, mimi nikasimama nje nyuma ya ukuta, mbuzi wakinishangaa. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikaingiza kwenye sala mahubiri yote niliyomwekea, kuanzia Edeni. Kabla sijafika Bethlehemu, sauti ikatoka ndani.

"Mwambie mkwe wangu apunguze sauti," mama alimwambia binti yake kwa Kinyaturu. "Naumwa tumbo, siumwi masikio."

Mke wangu akakohoa kuficha kicheko. Nikasema amina haraka.

"Tena mwambie," mama akaendelea, "siku ndama walipokula alizeti yenu kwa sababu ulisahau kufunga zizi, nilijua utakuja kwangu umevimba uso kwa kipigo. Hukuja. Nilipokuuliza, ukasema mumeo alikwenda kwanza kuomba nyuma ya nyumba, ndipo akarudi kusema nawe. Baba yako hakuwahi kwenda popote kwanza. Huyo anayeombwa huko, mimi nimemtaka tangu siku ile."

Akavuta pumzi kwa maumivu.

"Lakini kanisani ningekujaje? Anayesimama mbele ni mkwe wangu. Ningekaa nikimkodolea macho? Mwambie anitafutie mchungaji, anibatize kabla sijapasuliwa."

Nilikaa chini palepale kwenye samadi ya mbuzi. Machozi yalinitoka, na huku nacheka. Miaka yote hiyo nililia kwamba mlango umefungwa, kumbe aliyeuziba ni mimi na mahubiri yangu. Lakini sikujilaumu sana siku ile. Nilikuwa nimetuliwa mzigo, na aliyetuliwa mzigo hana haraka ya kuutafuta mwingine.

Mchungaji alikuja kesho yake kwa bodaboda, akambatiza mama kitandani, nami nikiwa nje na mbuzi wangu wale wale. Upasuaji ukaenda salama, Mungu asifiwe, na baada ya wiki kadhaa akaanza kutembea bila kushika ukuta.

Jumapili aliyokuja kanisani kwa mara ya kwanza, nilimwachia mzee wa kanisa mahubiri, nikaenda kukaa nje chini ya dirisha. Mzee yule alichanganya habari za Musa na za Nuhu, akarudia jambo moja mara tatu, akasahau alipokuwa anaelekea. Sijawahi kuyafurahia mahubiri ya mtu yeyote kama yale.