Aproni ya Choo

Nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza nilikuwa nafunga maua katika shamba moja upande wa Usa River, na huko kwenda chooni kulihitaji aproni nyekundu. Aproni yenyewe ilikuwa moja. Wanawake tulikuwa zaidi ya arobaini. Msimamizi wetu, mwanamume mwenye filimbi shingoni, alisema rangi ile inamsaidia kumtambua mtegaji wa kazi akiwa bado mbali. Ukibanwa, unasubiri mwenzako arudi, aivue, uivae.

Mimi niliacha kunywa maji, na kliniki nikamdanganya nesi kwamba nakunywa. Nilikuwa muumini wa ile methali ya kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kilio sikukitaka. Nilitaka kazi yangu.

Jirani yangu wa mezani alikuwa mama mmoja wa Makumira, mjane, mwanakwaya, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kutoa miiba. Siku moja walikuja wageni kutoka Ulaya, wanunuzi wa waridi, wakamkuta ndiyo kwanza amevaa aproni anaelekea chooni. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza kwa nini huyu peke yake amevaa nyekundu. Msimamizi akajibu, bila hata kumeza mate, kwamba huyu ndiye mtaalamu wetu wa ubora. Wageni wakafurahi. Wakampiga picha, wakamuuliza siri ya waridi zuri, naye amebana miguu, jasho linamtoka.

Mama akaivua ile aproni akamfunga mgeni kiunoni.

"Karibu, mama," akamwambia. "Hii ni ya choo. Ukimaliza umpe mwenzio."

Msimamizi akatafsiri kwamba ni zawadi ya wafanyakazi. Mgeni akamkumbatia, machozi yakimlengalenga, kisha akaondoka nayo mpaka uwanja wa ndege.

Sasa sheria ikakwama. Msimamizi akatangaza kwamba hakuna kwenda chooni mpaka ishonwe aproni nyingine, na fundi wake wa Ngarenaro yuko msibani, labda Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Alilisema hilo kwa uso mkavu kabisa. Mama akaweka mkasi mezani, akatoka na gauni lake la bluu, akaenda, akarudi, akanawa mikono, akaendelea na miiba. Hakumtukana mtu. Jioni akanyang'anywa kitambulisho na kuambiwa asirudi tena.

Njia nzima nilimlaumu. Mtu mzima, mjane, anapoteza kazi kwa dakika tatu za choo! Nilipofika nyumbani nikamwomba mume wangu jezi yake nyekundu ya mpira. Alinipa, akanikumbusha mara tatu nisiichafue.

Tulikuwa tumenong'onezana getini, basi: kila mmoja aje na chochote chekundu. Asubuhi mmoja alikuja na joho la kwaya, mwingine na shuka la baba mkwe, mwingine amejifunga kitambaa cha meza. Tukaanza kwenda chooni na kurudi, wenye haja na wasio na haja. Msimamizi alipuliza filimbi mpaka akakohoa. Maua yakabaki kwenye ndoo, yakaanza kufunguka, na yakishafunguka hayauziki.

Meneja akashuka mwenyewe. "Kiongozi wenu nani?"

Tukatazamana. Hatukuwa naye.

"Ni yule mliyemfukuza jana," mmoja akasema.

"Basi aletwe, niongee naye."

Gari la ofisi likatumwa Makumira. Dereva akarudi peke yake: mama anakatia ng'ombe majani, asubiriwe. Likatumwa tena. Getini mlinzi akamzuia kwa kukosa kitambulisho, akamwandikisha kwenye daftari la wageni, na kwenye sababu ya kuja mama akaandika "nimeitwa". Wenzangu wakanichagua mimi nimsindikize ofisini, kwa imani kwamba hakuna atakayemgombeza mjamzito.

Meneja akampa soda, akamweleza masharti. Arudi kazini leo hii. Sheria ibaki, ila aproni ziwe mbili. Yeye awaambie wenzake wavue nyekundu.

Mama akaitazama ile chupa. Akaizungusha mezani, akaizungusha tena, asiinywe. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba naye anaogopa, na anachoogopa ni kile kile ninachokiogopa mimi. Nikaona midomo yake inafunguka, nikajua inakwenda kusema nini.

"Hapana," nikasema mimi. Jezi ilikuwa imenibana tumboni, pumzi haitoshi. "Hatutaki aproni hata moja. Na mama anarudi."

Meneja akachungulia dirishani. Lori la uwanja wa ndege lilikuwa linangoja tupu. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Tulitoka tukipita katikati ya ndoo, wenzetu wakitutazama kujua tumepata nini. Mama akanishika kiwiko, akaniinamia.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakubali."

"Niliona, mama," nikamwambia.