Povu la Fundi Bomba

Mume wa muuguzi alikuwa fundi bomba, mtu wa kutega sikio ukutani kabla hajashika spana, na wa kufuta mikono kwenye suruali hata ikiwa safi. Hakuwa na maneno. Akifurahi alisema "Ehe," na akikasirika ni "Ehe" hiyohiyo. Jumamosi ile wauguzi waliofanya kazi na mkewe walikuja kumuaga mama huyo, maana alikuwa amestaafu, naye mzee akajitolea kuwapa bia ya ngano aliyoipika mwenyewe katika chumba cha nyuma. Akafungua koki ya kegi, lile pipa dogo la bia, glasi zikajaa povu tupu. "Shemeji," muuguzi mmoja akauliza, "tumekuja kunywa au kunyoa ndevu?" Wakaangua kicheko. Mkewe alimwonea huruma mpaka akainamisha uso. "Ehe," mzee akasema, akatega sikio kwenye kegi. Akafunga gesi inayosukuma bia, akaiachia presha ipumue, akatoa mpira mfupi wa kupitishia bia na kuweka mrefu mwembamba, akauzungusha wote ndani ya friji upoe pamoja na bia. Baada ya nusu saa akafungulia gesi kidogo tu, akainamisha glasi. Bia ikateremka taratibu, povu vidole viwili juu yake. Mikono ikanyooshwa, akaipita yote. Mkewe alikuwa ameshainuka na sinia ahudumie wageni, kama kawaida yake. Akamtoa sinia mkononi, akampa glasi ile. "Keti, mama. Umesimama wodini miaka thelathini na mmoja." Mkewe hakuwa amewahi kumsikia akisema mengi hivyo mbele za watu. Akaketi, akainua glasi, povu likamwagikia gauni lake jipya, naye hakulifuta.