Kahawa Isiyo na Sukari

Nina shahada ya takwimu kutoka Maseno, na kazi ninayoifanya vizuri kuliko zote ni kupika kahawa. Sasa nalisema bila aibu. Nilipoanza lilinikosesha raha.

Niliajiriwa kushughulikia oda na stoo katika mkahawa wa Mlebanoni mmoja hapa Kisumu. Alifika mjini akiwa kijana, akamleta mke kutoka kwao, na wote wawili wakazeekea hapa. Sisi wafanyakazi tulimwita Mzee, na mkewe tukamwita Mama. Wiki yangu ya pili, Mzee alinikuta nimerudi kukagua kufuli la stoo kwa mara ya tatu.

"Hiyo kufuli imekukosea nini?"

"Nahakikisha tu, Mzee."

"Njoo jikoni. Kahawa inataka mtu kama wewe."

Kweli inamtaka. Kahawa yao huchemshwa na iliki katika kisufuria chenye mkono mrefu. Ikianza kupanda unaiondoa motoni, inatulia, unairudisha, mara tatu. Ukigeuza macho kidogo imeshamwagika. Mimi siwezi kugeuza macho kutoka kwa kitu kinachoweza kuharibika, kwa hiyo yangu haikumwagika hata siku moja. Sukari huingia mwanzoni, pamoja na maji, na ikishaingia haitoki. Ndiyo maana mgeni huulizwa mapema: tamu, ya wastani, au kavu, yaani bila sukari? Majibu nilikuwa nayaandika kwenye kijidaftari, hata kama mezani kulikuwa na watu wawili tu.

Jumapili alasiri mkahawa ulifungwa kwa wateja ukawa wao wenyewe. Walebanoni wa Kisumu niliowajua walikuwa nyumba nne. Walikuja na sahani zilizofunikwa, wakarusha dadu kwenye bao lao, wakabishana kwa Kiarabu kwa sauti ambayo miezi ya kwanza ilinifanya nichungulie kutoka jikoni nikidhani wameanza kupigana. Aliyekuwa mkubwa wao ni bibi mmoja mjane, mwembamba, aliyevaa nguo nyeusi tangu mumewe afariki miaka mingi iliyopita. Akiingia, wote walisimama, Mzee naye. Alipoonja kahawa yangu mara ya kwanza alitikisa kichwa kidogo, na nilikaa siku mbili nikijiuliza ule mtikiso ulikuwa na maana gani.

Jambo lingine unalopaswa kulijua ni samaki wa Jumamosi. Mama yake Mzee, aliyekuwa bado hai kijijini kwao kwenye kilima kinachotazama bahari, alimfundisha kuponda samaki pamoja na ngano iliyovunjwavunjwa, kitunguu na ganda la chungwa, kisha kuoka kwenye sinia. Kwao walitumia samaki wa bahari. Hapa alitumia mbuta wa ziwani. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda naye ufuoni Dunga kununua, na kila Jumamosi aligombana na mama mmoja muuza samaki, mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa ufuo.

"Nataka bila mfupa. Hata moja."

"Mzee, samaki bila mfupa si samaki. Hiyo ni uji."

"Mama yangu alisema—"

"Mama yako, mama yako! Mlete hapa nimwonyeshe vile samaki hukaangwa!"

Na wenzake wote wangecheka, na Mzee pia, na yule mama angemtolea mifupa mmoja mmoja kwa kisu chake huku akinung'unika. Mimi aliniita nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa kuwa kwetu ni Kombewa, huko Seme, na lafudhi yangu ilinisaliti siku ya kwanza.

Jumanne moja, kabla hatujafungua, simu ya Mzee ililia. Alisikiliza akiwa amesimama, akajibu maneno mawili, akakaa kwenye kreti ya soda. Mama alitoka jikoni, akamtazama, akafunika mdomo. Mama yake Mzee alikuwa amefariki usiku. Mazishi yalikuwa kesho yake. Hakukuwa na ndege ambayo ingemfikisha kwa wakati.

Nilisimama pale na ufagio mkononi. Nikasema "mos, Mzee," ambayo ndiyo pole yetu, kisha nikaanza kujiuliza kama ilikuwa lugha sahihi.

Mchana aliniita. Alikuwa amenyoosha mgongo na anatoa maagizo, kama siku ya karamu. Alasiri tatu, kuanzia kesho, mkahawa utakuwa nyumba ya msiba, kama ilivyo kwao. Tukaondoa meza, tukapanga viti kuzunguka ukuta wote, vikitazamana. Picha ya mama yake ikawekwa mbele, mwanamke mwenye kitambaa kichwani, amekunja uso kwa ajili ya jua. Mlangoni kikafungwa kitambaa cheusi.

"Kahawa kavu," Mzee aliniambia. "Usiulize mtu. Hakuna tamu siku hizi tatu. Tamu ni ya harusi, ya mtoto kuzaliwa. Mtu anakunywa, anasema Mungu amrehemu, anarudisha kikombe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kwetu sasa hivi kijiji kizima kimejaa kwa mama," alisema akitazama vile viti. "Hapa iko nani?"

Lilikuwa swali ambalo halikutaka jibu, lakini mimi huwa najibu hata hayo. Nilivihesabu viti. Vilikuwa thelathini na sita.

Jumatano zilikuja zile nyumba nne. Waliingia kimya, wakashikana mikono na Mzee na Mama, wakakaa. Nilipitisha kahawa. Walikunywa, wakasema maneno yao, wakakaa muda ule unaofaa, kama robo saa, wakaondoka, maana kwao kukaa sana ni kumchosha aliyefiwa. Saa kumi Mzee, Mama na yule bibi mjane walikuwa peke yao na viti.

Ndipo ndugu yake Mzee akapiga simu ya video kutoka kijijini. Nilikuwa nakusanya vikombe, nikaona kioo cha simu: ukumbi umejaa watu, wengine wamesimama. Ndugu yake alimwambia kitu, naye Mzee akaiweka simu sikioni haraka, akajibu kwa sauti ya chini. Nilimwuliza Mama, Mzee alikuwa anaambiwa nini.

"Anamwambia, zungusha simu, tuone waliokuja kwa mama huko kwako." Alipangusa pua. "Amesema mtandao ni mbaya."

Mtandao haukuwa na shida yoyote.

Jioni hiyo nilikaa kwenye kitanda changu nikiandika ujumbe kwa yule mama muuza samaki wa Dunga. Watu wa mjini walikuwa wamepita mbele ya kile kitambaa cheusi wakidhani tumefunga. Hakuna aliyewaambia. Lakini je, ni kazi yangu kuwaambia? Huenda Walebanoni hawataki watu wa nje kwenye msiba wao. Huenda Mzee ataona nimemwanika. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena kwa heshima zaidi. Mwishowe nikatuma kitu kirefu chenye salamu, maelezo na samahani mbili. Simu ikalia papo hapo.

"Nyar Seme! Mama ya mtu amekufa na wewe unaniandikia barua?"

"Sikutaka kusumbua, Mama."

"Ni yule mama wa kuponda samaki?"

"Ndiye."

Sauti yake ilishuka. Sikuwahi kuisikia ikishuka. "Kesho tunakuja," akasema.

Walikuja Alhamisi saa nane, wamama kumi na mmoja kutoka ufuoni, wamevaa leso na sweta zao za kanisani juani. Niliwasikia kabla sijawaona, kwa sababu walianza wimbo wa maombolezo wakiwa bado barabarani. Kwenye ule ukumbi uliokuwa kimya, Walebanoni wote, waliokuwa wamerudi siku hiyo ya pili, waliinua vichwa. Mzee alisimama, akabaki amesimama.

Mimi nilikuwa jikoni, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilifikiri hivi. Hawa wamama wametembea juani. Kwetu, matanga ni sufuria kubwa, chai ya maziwa, sukari ya kutosha, na nyumba isiyowapa wageni kitu husemwa miaka. Mimi naenda kuwapa kikombe cha ukubwa wa yai, cheusi, kichungu. Watatoka hapa waseme Mzee alimzika mama yake kwa ubahili. Kwa hiyo nikapika visufuria viwili: kikavu kwa Walebanoni, kitamu kwa wamama. Sinia mbili. Niliona nimetatua jambo kwa usawa kabisa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo moyo wangu ulitulia.

Hesabu yangu ilitegemea kila mtu akae na wenzake. Nilipotoka na sinia, wamama wa Dunga walikuwa wameketi kila mahali. Mmoja alikuwa amemkumbatia Mama. Wawili walikuwa na mwanamke mmoja wa Kilebanoni katikati yao, wamemshika mikono. Na yule mama mnene alikuwa amejikaza kando ya bibi mjane, bega kwa bega, wakilia kila mmoja kwa lugha yake. Sinia zikachanganyika mikononi mwangu. Nilipofika kwa bibi mjane, aliinua kikombe kilichokuwa karibu naye.

Alionja. Akakishusha.

Alisema neno moja kwa Kiarabu, si kwa sauti kubwa, na Walebanoni wote wakamgeukia. Mzee alikuja, akachukua kikombe mkononi mwake, akaonja pia. Kisha akanitazama. Nimewahi kuogopa mitihani, mahojiano ya kazi, radi. Hakuna kilichofanana na ule mtazamo. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba hata hiki kimoja, kikombe cha mama yake, kimeshindikana katika mji huu.

Ningeweza kusema nimechanganya. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeandika na kufuta.

"Ni mimi, Mzee," nilisema, kwa sauti iliyosikika na wote. "Sikusahau. Niliweka sukari makusudi. Niliogopa wamama hawa watasema matanga ya mama yako hayakuwa na hata sukari."

Mama wa Dunga aliweka kikombe chake chini.

"Wewe msichana. Nani alikutuma utuhurumie?"

"Mama, nilidhani—"

"Sukari hairuhusiwi?"

"Kwao, siku za msiba, kahawa huwa chungu. Tamu ni ya furaha."

"Na wewe ukatupatia ya furaha! Mbele ya picha ya marehemu!" Aligeuka kwa wenzake akawaeleza kwa Dholuo, na vikombe vikaanza kurudi kwenye sinia, kimoja kimoja, vingine vikiwa vimeshanywewa nusu. Kisha akamgeukia Mzee. "Mzee, mos. Huyu ni mtoto wetu, amesoma sana. Atuletee ile ya uchungu. Kama wewe unakunywa uchungu, sisi ni nani tukunywe sukari?"

Mzee alimtafsiria bibi mjane. Bibi alinitazama, akatikisa kichwa, ule mtikiso wake, na safari hii sikuhitaji siku mbili kuelewa kwamba amekubali.

Nilipika upya. Waliinua vikombe wote kwa pamoja, na nyuso kumi na moja zikakunjamana.

"Uwi! Hii si ni dawa ya malaria!" mmoja alisema.

"Kunywa, wewe. Ni ya marehemu."

Yule mwanamke wa Kilebanoni alicheka huku machozi yakimtoka. Bibi mjane aliuliza kimesemwa nini, akaambiwa, na mabega yake yakatikisika.

"Na sasa," mama wa Dunga alisema, "mazishi ni lini?"

"Alizikwa jana," Mzee alijibu.

"Jana! Bila wewe? Nani alitupa udongo wako?"

"Ndugu yangu. Alitupa mara mbili."

Waliguna kwa pamoja, mguno mzito wa watu wanaojua hiyo ina maana gani. "Basi tuambie habari yake," alisema. "Kwetu mtu hazikwi bila kusemwa. Miaka yote unatuambia mama alisema, mama alisema. Alisema nini kingine?"

Kwao msibani hukaa kimya. Nilidhani atakataa. Lakini Mzee alivuta kiti katikati, akakaa akitazama picha, akaanza, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Alisema mama yake alikuwa na mkono mwepesi wa kuchapa. Alisema siku anaondoka, mama yake hakulia. Alimfungia mkate na akamwambia asimle samaki yeyote kabla ya kumnusa. Alisema hakuwahi kuja kuliona ziwa, na aliamini hadi mwisho kwamba samaki wa maji baridi hawana ladha. Wamama walipiga kelele ya kukataa. Robo saa ya Walebanoni ilipita, ikapita tena, na hakuna aliyeinuka. Waliopita barabarani walisikia, wakaingia kuuliza: wa duka la vipuri, wawili wa soko la nguo, mchungaji wa kanisa la jirani. Kila aliyeingia nilimpa kikavu.

Saa kumi na moja simu ya Mzee ililia. Ndugu yake. Nilisimama na sinia, nikiwa sijui kama nisogee. Walisalimiana, ndugu akauliza kitu, na Mzee hakuiweka simu sikioni. Alinyoosha mkono wote, akaigeuza, akaizungusha taratibu ukutani mwote, kiti hadi kiti, leso hadi leso, hadi kwa waliokuwa wamesimama mlangoni.

Sauti kwenye simu ikauliza kitu. Kiarabu changu ni kidogo sana, lakini swali hili nililielewa: hao wote ni nani?

"Watu wa mama," Mzee alisema, kwanza kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili, ili tusikie.

"Mwambie samaki wetu ana ladha!" mama wa Dunga alipaza sauti kuelekea kwenye simu.

Nami nikarudi jikoni kuosha vikombe, kwa sababu vilivyo safi vilikuwa vimekwisha na watu bado walikuwa wanaingia.